Fiziotherapia Marekani: nirudi chuoni kusomea DPT, au nipeleke vyeti vyangu vikaguliwe?

Mama Kiptoo, Texas

Ndugu zangu, hamjambo. Nina shahada ya kwanza ya fiziotherapia niliyoipata Kenya, na nilihudumu miaka minne katika wodi ya mifupa kabla ya kumfuata mume wangu huku. Kwa sasa ninatunza wazee majumbani. Kila ninapomsaidia mzee kuinuka kitini ninaona wazi kwamba nyonga moja imedhoofika na kwamba mkongojo wake ni mrefu kupita kiasi, lakini kazi niliyoajiriwa hainiruhusu kumpa tiba yoyote.

Vyuo vyote nilivyoulizia vinafundisha fani hii katika ngazi ya udaktari tu, yaani DPT, kwa muda wa miaka mitatu. Je, shahada yangu haifai kitu mpaka niwe daktari? Na udaktari wenyewe ni ule wa utafiti na tasnifu? Nina mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo sipendi kuingia mahali nisipopajua.

Fundi wa Magoti

Dada, nilisomea DPT hapa Marekani, kwa hiyo nianze na hilo la udaktari. DPT si PhD. Ni shahada ya kumwandaa mtu kutibu wagonjwa, kama ilivyo ya madaktari wa meno, na mwenye nia ya kuwa mtafiti husomea PhD kando na hiyo. Zamani watu waliingia kazini kwa shahada ya kwanza, baadaye kwa uzamili. Chuo Kikuu cha Creighton kule Nebraska kilianzisha DPT ya kuingilia kazini mwaka 1993, na tangu mwaka 2016 tume ya ithibati, CAPTE, inataka kila programu ya kumwandaa mtaalamu wa fiziotherapia iwe ya ngazi hiyo. Ndiyo maana hukuona kingine.

Mwaka wa kwanza ndio uliotutoa jasho. Tulisoma anatomia kwa kupasua maiti, msuli baada ya msuli na neva baada ya neva, na mchana wa siku hiyohiyo tulipimana viungo sisi kwa sisi darasani. Wewe mengi ya hayo umeshayafanya, na sioni sababu ya kuyalipia mara ya pili. Mafunzo ya hospitalini nayo hayapungui wiki 30 za kutwa nzima, mara nyingine katika mji mwingine kabisa, bila mshahara. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, hapo ndipo penye mzigo kuliko hata mitihani.

Bi Mkubwa wa Moshi

Mwanangu, mimi nilipitia njia ya pili, ya kukaguliwa vyeti. Leseni hutolewa na bodi ya kila jimbo, na bodi hazimtaki mtu aliyesomea nje awe na DPT yenyewe. Zinataka masomo yake yalinganishwe na yale ya programu za hapa. Mojawapo ya asasi zinazofanya kazi hiyo ni FCCPT. Wanalinganisha somo kwa somo na saa kwa saa, na usishangae ukitakiwa kufanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ingawa ulisomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Mimi nilikutwa na upungufu katika famakolojia, yaani elimu ya dawa, na katika usomaji wa picha za eksirei, nikayasoma masomo hayo mawili peke yake jioni baada ya kazi.

Baada ya hapo unabaki mtihani wa taifa, NPTE, uleule wanaofanya wahitimu wa DPT. Alama ya kufaulu ni 600 katika kipimo kinachoanzia 200 hadi 800. Usiuendee kwa kubahatisha, kwa sababu unaruhusiwa mara tatu tu katika miezi 12, na mara sita katika maisha yako yote.

Mama Kiptoo, Texas

Nashukuru sana, shikamoo Bi Mkubwa. Je, nikipata leseni kwa njia hiyo nitadharauliwa kazini kwa kukosa hilo jina la daktari?

Bi Mkubwa wa Moshi

Marahaba. Mgonjwa aliyebadilishiwa goti hakuulizi shahada. Anauliza lini atapanda ngazi. Ukilitamani jina hilo baadaye, ipo DPT ya mpito kwa wenye leseni, na vyuo kadhaa huifundisha kwa intaneti huku ukiendelea kupokea mshahara.

Jambo la kuanza nalo wiki hii ni kukiandikia chuo chako kuomba muhtasari wa kila somo pamoja na idadi ya saa za mafunzo ya wodini, na uwaombe watume karatasi hizo wao wenyewe moja kwa moja kwa wakaguzi. Karatasi nilizoleta mimi mkononi zilikataliwa, nikapoteza miezi mitano.