Historia ya kikundi cha waonja mvinyo Malindi: tuanzie wapi?

Katibu wa Kikundi, Shela, Malindi

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimepewa na wenzangu kazi ambayo nilidhani ningeimaliza kwa jioni moja, na sasa huu ni mwezi wa tatu ninaihangaikia. Sisi ni kikundi cha watu 14 tunaokutana mara moja kwa mwezi kuonja mvinyo na kuujadili: umetoka wapi, umetengenezwa kwa zabibu gani, unafuatana na chakula gani, na kwa nini chupa mbili za shamba moja huweza kutofautiana ladha. Tunakutana majumbani kwa zamu, na mwenye zamu ndiye anayenunua chupa na kuwapikia wenzake. Wengi wetu tumefanya kazi hotelini, jikoni au mezani. Hatukutani ili tulewe. Anayelewa haalikwi mwezi unaofuata, na kanuni hiyo tumeishika tangu mwanzo.

Waasisi wetu wawili wamekwisha kufariki, na waliyoyajua yanazikwa pamoja nao, ndiyo maana tumeazimia kuandika historia ya kikundi. Kinachonishinda ni ukurasa wa kwanza. Baadhi ya wanachama wanataka tuanze na mkutano wetu wa kwanza na tuishie hapo. Wengine wanasema bila Waitaliano tusingeujua mvinyo kabisa, kwa hiyo wao ndio mwanzo. Mzee mmoja kati yetu ameshikilia kwamba kuandika habari za wanywaji wa Malindi bila kuanza na mnazi, yaani tembo linalogemwa kwenye minazi, ni kuezeka nyumba isiyo na kuta. Nami nikiangalia mikutano yetu naona kwamba kibuyu cha mnazi huwekwa mezani kando ya chupa kila mwezi, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyekileta mara ya kwanza.

Naomba msaada wa wanaojua. Je, mnazi na mvinyo ni historia moja au ni mbili? Na nitafute wapi habari za zamani?

Mhudumu Mstaafu, Watamu

Ndugu Katibu, nimehudumia meza za wageni kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo nitakueleza upande ninaoujua.

Waitaliano hawakuja kwanza kama watalii. Walikuja na kazi ya setilaiti kule Ngomeni, kaskazini ya mji, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ikarushwa ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Amu yangu aliwapikia baadhi ya mafundi wale. Alikuwa akitusimulia kwamba watu hao walikaa miezi mingi, na mtu anayekaa hula chakula cha kwao na hunywa kinywaji cha kwao, tofauti na mgeni wa wiki moja anayekubali kila anacholetewa. Hoteli na nyumba za Waitaliano zilipoongezeka baadaye, vijana wa hapa tukajifunza kutamka majina ya mvinyo wao, Chianti na Barbera, kabla hatujaweza kusema sentensi moja kamili ya Kiitaliano.

Andika pia jinsi tulivyojifunza, maana hatukusomeshwa darasani. Siku moja nilifungua chupa ya mvinyo mwekundu, nikammiminia mwenye meza kidogo kama desturi inavyotaka, akanusa akaisukuma glasi pembeni. Nilidhani amenidharau. Msimamizi wangu alinipeleka nyuma, akanipa kizibo nikinuse: kilinuka kama gunia lililolowa mvua na kukaa wiki nzima bila kuanikwa. Harufu hiyo husababishwa na kuvu wanaoathiri gome ambalo vizibo hukatwa humo, na mvinyo ukishaipata hauna dawa. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba yale matone ya kwanza yana kazi moja tu, ambayo ni kumpa mgeni nafasi ya kukataa chupa mbovu, nami nikaacha kuona haya chupa inapokataliwa.

Kosa letu jingine lilikuwa joto. Tuliambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, nasi tukauandaa kwa joto la chumba cha Malindi wakati wa kaskazi, ambapo hata maji ya mtungi huwa vuguvugu. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, cha nyuzi 16 hadi 18 hivi. Katika stoo ya hoteli moja niliyofanyia kazi, iliyoezekwa kwa mabati, katoni nzima nzima ziliharibika kabla mtu hajagundua sababu. Kikundi chenu kimerithi maarifa haya kutoka kwa watu walioyapata kwa kukosea, na nadhani wanastahili kutajwa.

Mjukuu wa Mgema, Ganda

Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Nimesoma maneno yako kwa makini, na kwa heshima zote nasema mzee wa Katibu ana haki. Ulichokieleza wewe ni jinsi mvinyo ulivyoingia hotelini, ilhali Katibu anaulizia kikundi, yaani watu wanaoketi pamoja, wanaoonja, wanaohukumu kinywaji na wanaowekeana adabu, na watu wa namna hiyo walikuwapo huku kwetu kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Babu yangu alikuwa mgema. Alipanda kabla jua halijatoka, kotama, kisu chake cha kugemea, ikiwa kiunoni pamoja na kibuyu, nyayo zikitafuta vidato vilivyochongwa shinani. Kule juu alikuwa na kole la maua ambalo bado halijapasua karara lake, yaani ganda linalolifunika. Alilifunga kwa kamba lisifunuke, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha akalikata ncha. Baada ya hapo kila alipopanda alikata kipande chembamba tu, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kwa sababu akikata mnene kole huisha mapema na akiacha kukata kidonda hufunga na utomvu hukoma. Alipanda asubuhi na jioni, mvua na jua. Nami nilisimama chini nikipokea kibuyu kilichoteremshwa kwa kamba, nyuki wakinifuata.

Utomvu unapotoka ni mtamu mtupu. Chachu iliyomo kibuyuni na hewani huanza kuugeuza papo hapo, na kwa saa chache kilevi hufika kama asilimia 4 au 5. Ukilala huwa mkali, na siku zikipita bakteria huugeuza siki. Kwa hiyo mnazi hauna mwaka ulioandikwa ubavuni mwa chupa, una saa tu. Wazee waliokunywa mangweni, yaani kilabuni pa tembo, kwa mrija wenye chujio la nyuzi waliweza kukuambia kama umeteremshwa alfajiri au jana jioni, na kama mgema ameuongeza maji. Methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji tunaitumia leo kwa kila jambo, lakini ilitungwa na watu waliojua kuonja na wakaudhika.

Tena kinywaji hiki kilikuwa na kazi. Kwetu Wagiriama, kadzama, yaani chombo, ya uchi (ndivyo tuuitavyo mnazi, na wageni wa lugha wasishtuke) ilipelekwa kwa wazee walioketi kusikiliza kesi, ilikwenda pamoja na posa, na ilimwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya wahenga. Waliokunywa pamoja siku ya mapatano ndio waliokuwa mashahidi miaka ikipita. Na kama Katibu anatafuta chama hasa, alikuwapo Gohu, jamii ya wazee wenye mali na heshima ambayo mtu aliingia kwa kuwafanyia wenzake karamu. Mwanachama alipofariki alichongewa kigango, nguzo ya ukumbusho ya mti mgumu, kikasimikwa kwa kumbukumbu yake. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na inaniuma kila nikikumbuka kwamba watu walivipanga sebuleni kama mapambo. Viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Wewe Katibu unalalamika kwamba waasisi wenu wawili wamefariki na habari zao zinapotea. Wale walikuwa wamekwisha kulifikiria jambo hilo.

Karani Mstaafu, Malindi Mjini

Naongeza mambo mawili ya karatasi. Kwanza, Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, inahesabu kuwa chama mkusanyiko wa watu 10 au zaidi, na ninyi ni 14. Angalieni suala la usajili kabla hamjachapisha chochote chenye jina. Leseni za vileo nazo, tangu Katiba ya 2010, ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo siku mkianza kuuza hata glasi moja ulizeni Kilifi. Pili, taarifa za kila mwaka za wilaya za enzi ya ukoloni zinahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zisome ukijua kwamba mwandishi wake aliuona mnazi kwa jicho la mtu anayetaka vibarua wafike kazini asubuhi.

Bi. wa Mkomani, Lamu

Asalaam alaykum. Mimi si mnywaji, wala nyumbani kwetu kileo hakikuingia, lakini swali linahusu lugha na jiko pia, na huko ninaweza kusaidia.

Neno lenyewe mvinyo tumelipata kwa Wareno, pamoja na pipa na kopo. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Wareno wakawa na makazi hapo mpaka walipohamishia nguvu zao Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Padri Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kanisa dogo la Wareno bado limesimama. Misa haisomwi bila divai. Kwa hiyo ndugu yangu, mvinyo wa zabibu ulifika ufukweni mwenu zaidi ya karne nne kabla ya wahandisi wa Ngomeni, ila ulikuwa wa altareni na wa merikebuni, haukuwa wa barazani. Divai nalo ni neno la baadaye, lenye asili ya Kifaransa.

Kuhusu tembo, msiandike kana kwamba ni la wanywaji peke yao. Bibi yangu alichachulia unga wa mchele kwa tembo changa, kabla hamira ya dukani haijaenea, na vitumbua vyake vilikuwa na uchachu mdogo ambao hamira haiwezi kuuleta. Tembo lililogeuka lenyewe likawa siki lilitiwa katika achari za maembe na ndimu. Wanawake hawa nao walionja. Bibi alichovya kidole, akakiweka ulimini, akasema bado au tayari, na hakukosea.

Jambo lililonigusa zaidi katika maelezo yako ni hilo la zamu. Mwenye zamu kuwanunulia na kuwapikia wenzake kuna jina la kale huku kwetu, nalo ni kikoa. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, wanaume wanakula makoma (matunda ya mkoma) kwa kikoa, kila mmoja akipanda mti siku yake, na adui zake wakapanga kumpiga mishale zamu yake ya kupanda itakapofika. Naye akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Ninyi mmekuwa mkila kikoa kila mwezi bila kulitaja jina lake. Sidhani kwamba mliufundishwa utaratibu huo na Mwitaliano yeyote.

Katibu wa Kikundi, Shela, Malindi

Nawashukuru nyote, na wewe Bi. wa Mkomani nakushukuru mara mbili. Nimemsomea mzee wetu neno hilo la kikoa kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba marehemu mwasisi wetu mmoja alikuwa akilitumia, nasi vijana tulidhani ni jina la utani. Hivyo basi ukurasa wa kwanza nimeupata: nitaanza na kikoa, nifuate kwa kibuyu na mgema, ndipo nifike kwa Wareno, kwa Ngomeni na kwa wahudumu waliojifunza kwa kunusa vizibo. Suala la usajili nitalipeleka mkutano ujao.

Ombi langu la mwisho ni kwa Mjukuu wa Mgema. Kati yetu sote 14 hakuna aliyewahi kusimama chini ya mnazi unapogemwa, ingawa tunaweza kubishana saa nzima juu ya mteremko wa shamba la zabibu la Toscana. Je, bado yupo mgema anayeweza kutupokea?

Mjukuu wa Mgema, Ganda

Yupo, ni binamu yangu, na anatumia kotama ileile ya babu. Njooni wachache, watatu au wanne, siku yoyote isiyo ya mvua. Mfike saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu saa kumi na mbili anakuwa amekwisha kuteremka mti wa pili. Msijipake manukato, yanawavuta nyuki. Na mlete chupa zenu tupu zilizooshwa, ila msizifunge kwa kizibo mkiwa njiani kurudi. Mnazi mbichi ukifungiwa hupasua chupa.