Tume ya jodari: tunapiga kura, aliyeshindwa anaandika barua, mchezo kwisha

Wanajamvi, leo msiniambie nipunguze jazba.

Februari 2023, hapo Mombasa tu, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, chombo cha nchi zinazopanga sheria za kuvua jodari, ilipiga kura. Indonesia na wenzake wa pwani walitaka vyelezo vya kuvutia samaki, vile vinavyoachwa vielee baharini, visitumike siku 72 kila mwaka, kuanzia Julai. Thuluthi mbili ikapatikana, azimio likapita. Sisi Lamu tukashukuru Mungu: Julai ni kusi, mashua zetu ziko mchangani, basi angalau jodari wachanga wapumue mpaka Septemba.

Aprili, Umoja wa Ulaya, wenye meli zinazotumia vyelezo hivyo, ukaleta pingamizi. Yameisha! Mkataba wa tume unampa mwanachama siku 120 za kupinga, na akishapinga azimio halimfungi. Wakipinga zaidi ya thuluthi moja, hata waliobaki hawafungwi. Sasa tulipiga kura ya nini?

Kwao hawachezi hivyo. Kwenye Baraza lao la mawaziri, mambo mengi hupita nchi 15 kati ya 27 zikikubali, mradi zina asilimia 65 ya watu wote. Mwaka 2015 Hungaria na Slovakia zilipinga mpango wa nchi wanachama kugawana wakimbizi, zikazidiwa kura. Zikaenda kwenye mahakama ya Umoja, 2017 zikashindwa na huko. Mdogo akizidiwa kwao anaambiwa atii. Mkubwa akizidiwa kwetu, anachukua kalamu.

Najua kuna atakayekuja na "lakini Ulaya nzima ina kura moja, sawa na Kenya". Sawa. Na Ufaransa ina kiti chake kingine kwa ajili ya visiwa vyake, hilo mbona hamlisemi?

Mliowahi kuona chelezo kilichokwama ufuoni Kiwayu mnajua nasema nini. Fremu ya mianzi, wavu mrefu umening'inia, na boya lenye sola linalorusha habari kwa setilaiti. Mwenyewe yuko melini, kwenye skrini anaona samaki wamejaa kiasi gani chini yake. Meli moja iliruhusiwa maboya 300 kwa wakati mmoja. Mvuvi wa Kizingitini ana mshipi, na injini ambayo deni lake bado.

Anayejua ni ofisi gani inayotuwakilisha kwenye vikao hivyo aiweke hapa. Nataka waniambie kama wamewahi hata kugusia kifungu hicho cha pingamizi kifutwe. Na wasinijibu habari za semina.