Kodi za nyumba Voi: nani aliwaambia kwamba mashambani hakuna wapangaji?

Mwenye ploti yetu ametuma ujumbe wa simu mwisho wa mwezi, usiku watu wameshalala: kuanzia tarehe mosi kila chumba ni shilingi 4,500. Tulikuwa tunalipa 3,500. Asiyeweza, ahame. Basi. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna neno hata moja kuhusu choo wala maji. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi, kwa sababu yaliyonikuta yanawakuta wengi hapa Voi, na Mwatate, na Taveta, na kila tukilalamika tunatupiwa jibu lilelile: "Kama mji umekushinda, si urudi kwenu mashambani?"

Hapa ndipo mashambani. Hii ni Taita Taveta, si Nairobi. Na hilo jibu ndilo linalonichoma kuliko hata hiyo elfu moja iliyoongezwa, kwa sababu ndilo lililo vichwani mwa wanaotunga sera. Wanaamini mtu wa kaunti kama yetu ana boma lake, ana shamba la babu, analala kwake bure. Ni kweli sensa ya 2019 ilionyesha kaya nyingi za mashambani zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Sasa sisi tusiokuwa kwenye hao wengi tumefutwa kabisa. Kodi ikizungumzwa bungeni au redioni, ni kodi ya Nairobi na Mombasa. Sisi hatupo.

Hebu tuongee kuhusu hilo shamba la babu. Takriban asilimia 62 ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ardhi iliyotengwa tangu 1948. Kwenye iliyobaki, toa ranchi, toa mashamba makubwa ya mkonge. Kinachobaki ni milima ya Dawida, yaani milima ya Taita, ambako shamba limegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa baba hadi kwa mjukuu mpaka limebaki kipande cha kuzikia wafu. Kijana wa Wundanyi anayeshuka Voi kutafuta kibarua hajakimbia ardhi. Ardhi ya kumtosha hakuna. Akifika huku chini anapanga, kwa sababu hana namna nyingine, na mwenye ploti analijua hilo vizuri sana.

Ukisema utoke katikati ya mji utafute chumba cha bei rahisi pembezoni, huko kuna ndovu. Nasema kwa uzito kabisa, walioko Sagalla na vijiji vinavyopakana na mbuga wanajua. Mtu anayefunga kazi saa mbili usiku hawezi kutembea kilomita kadhaa gizani akiomba Mungu asikutane na kundi la ndovu njiani. Kwa hiyo unarudi palepale, unalipa unachoambiwa.

Sasa chumba chenyewe. Futi kumi kwa kumi. Mabati juu, dari hakuna, na wanaolijua joto la Voi la Februari wanaelewa maana yake: saa nane mchana huwezi kuegemea ukuta. Vyumba kumi na viwili, choo kimoja, bafu moja lenye kipande cha gunia mahali pa mlango. Mita ya stima ni moja kwa ploti nzima, msimamizi ndiye anayenunua tokeni na ndiye anayeamua nani alipe ngapi. Mwenye balbu moja na redio analipa sawa na mwenye friji. Bomba lipo uani, limesimama pale kama mwenge uliozimika. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka ndani ya kaunti yetu wenyewe, yanapita kwenye bomba kubwa kwenda Mombasa, na sisi tunanunua kwa mtungi wa lita ishirini kutoka kwa watu wa mikokoteni. Ukichimba kisima mara nyingi unakuta maji ya chumvi. Kwa hiyo kodi si 4,500. Weka maji, weka stima ya kukisia, weka pesa ya takataka ambazo hazizolewi.

Nilimpigia mwenye ploti nikamuuliza kwa heshima, "Mzee, kumetokea nini?" Akanijibu ni ushuru, serikali imembana. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira zaidi, kwa sababu uongo huo unaweza kupimwa kwa penseli. Ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ulishushwa kuanzia Januari 2024, kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5, kwa mwenye nyumba anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kwa kodi ya zamani ya 3,500 na asilimia 10, chumba changu kilikuwa kinadaiwa ushuru wa shilingi 350 kwa mwezi. Kwa kodi mpya ya 4,500 na asilimia 7.5, kinadaiwa shilingi 337 na senti 50. Ushuru wa chumba umepungua, kodi imepanda kwa elfu moja. Na hiyo ni kama analipa ushuru wowote. Sijawahi kupewa risiti katika ploti ile. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa kwenye namba ya mwanawe.

Kabla hamjaniambia vifaa vya ujenzi vimepanda: mimi ni mhudumu wa duka la vifaa vya ujenzi. Nauza simiti, mabati na misumari kutwa nzima, bei ninazitaja mpaka usingizini. Anayejenga leo ana mzigo mkubwa na sibishi. Akiwa na mkopo wa benki juu yake, namwelewa kabisa. Lakini ploti yetu ilijengwa zamani, gharama yake ilisharudi kitambo, na tangu nihamie sijaona hata lita moja ya rangi ikiletwa. Anapandisha kwa sababu jirani yake amepandisha. Jirani naye alipandisha kwa sababu kuna watu wenye marupurupu ya nyumba wanaoweza kulipa.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu ugatuzi. Tangu 2013 kaunti zilipoanza, wafanyakazi wameletwa kwa mamia kwenye miji midogo ambayo haikuwa na nyumba za kuwapokea. Mwatate, ambako makao ya kaunti yamewekwa, ilikuwa senta ya barabarani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kikapata hati yake 2016, wanafunzi nao wakaja, wanalala watatu kwa chumba ili kodi igawanyike. Reli ya SGR ikaanza kubeba abiria 2017 na Voi ikapata stesheni. Yote ni maendeleo na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyekaa chini akapanga hawa watu wote watalala wapi. Afisa mwenye marupurupu akikosa bedsita, yaani chumba chenye choo chake ndani, anachukua vyumba viwili vya singo, vya kawaida kama changu. Singo zikipungua, mama anayeuza mboga ndiye anayetolewa.

Na mama huyo ninamjua, ni jirani yangu wa mlango wa tatu. Alichelewa na nusu ya kodi. Akarudi kutoka sokoni akakuta kufuli la msimamizi juu ya kufuli lake. Ndani kulikuwa na sare za shule za mtoto na jiko lenye maharagwe ya jioni. Mtoto alikwenda shule na nguo za nyumbani, akarudishwa. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi inataka dalali wa mnada mwenye leseni. Haimpi msimamizi wa ploti ruhusa ya kuja na kufuli la duka la jirani akafunga mlango wa mtu. Nani atamwambia? Alikwenda kwa chifu, chifu akampigia mwenye ploti, wakaongea kama marafiki, mama akaambiwa atafute pesa. Mwisho sisi wapangaji ndio tuliochanga akafunguliwa.

Watu huniambia niende kwenye baraza la kodi, lile linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba. Nimeisoma hiyo sheria. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi inayotumika kama kipimo ni ya tarehe 1 Januari 1981. 1981! Nusu ya wapangaji wa ploti yetu hawakuwa wamezaliwa. Yaani mimi ninayeoga nyuma ya gunia nimewekwa nje ya ulinzi wa sheria, fungu moja na anayepanga jumba lenye bwawa la kuogelea, kwa sababu tu Bunge halikugusa tarakimu moja. Wabunge wamepita, tume zimepita, Katiba mpya imekuja 2010 na Kifungu cha 43 kikasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na yanayofaa, na ile 2,500 imekaa palepale.

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi hauvunjwi bila notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi mmoja. Ishikeni hiyo. Ujumbe wa usiku kwamba kesho kutwa uhame si notisi ya kisheria, hata utumwe kwa herufi kubwa.

Halafu kuna kukatwa. Mshahara wangu ni 14,000. Kila mwezi natozwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, shilingi 210, na mwajiri anaongeza 210 nyingine. Sheria ya mpango huo, ya 2024, inaniweka kwenye kundi la wanaopata chini ya 20,000, wale waliotengewa nyumba za jamii. Sawa. Lakini mpango wenyewe umejengwa juu ya kununua: uweke akiba, uanze kulipia, siku moja upate ufunguo. Mimi nikishatoa 4,500 ya kodi, ambayo ni karibu theluthi ya mshahara, nikatoa maji, nauli, chakula na pesa ya mama kule mlimani, hiyo akiba naitoa wapi? Nachangia nyumba nisiyoweza kuanza kuinunua, na chumba ninacholala hakuna sheria inayokigusa. Hakuna aliyenieleza kwa nini hata sehemu ndogo ya pesa hizo haiwezi kujenga nyumba za kupangisha kwa bei inayojulikana, hapa kwenye miji midogo.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba linataja wazi kazi za kaunti kwenye mipango na maendeleo, na ndani yake yamo takwimu na nyumba. Takwimu! Basi watuhesabu. Wajue kuna ploti ngapi Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, vyumba vingapi, vyoo vingapi, kodi kiasi gani. Anayetaka kibali cha kujenga vyumba kumi na viwili aambiwe choo kimoja hakitoshi, na afisa wa afya ya umma aje ploti bila kupiga simu kwanza. Leseni za biashara wanazifuatilia mpaka kwa muuza njugu. Ploti inayoingiza zaidi ya laki sita kwa mwaka haiulizwi hata risiti. Kupanga bei ya kodi kaunti haiwezi peke yake, hilo nalijua, hiyo 2,500 ni kazi ya Bunge la Taifa. Basi wabunge wetu wa maeneo bunge manne, Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, waipeleke. Kubadilisha tarakimu moja kwenye sheria hakuhitaji bajeti.

Wenye ploti mnaosoma, najua mpo. Wapo kati yenu waliokaa na wapangaji wao wakati wa korona wakawasamehe miezi, na watu hawajasahau. Simlaumu kila mtu. Namlaumu anayepandisha usiku, bila notisi, bila risiti, halafu anasingizia ushuru uliopungua.

Bajeti ya kaunti lazima ipitishwe kabla ya Juni 30, na kabla ya hapo kuna mikutano ya ushirikishaji wa umma ambayo kwa kawaida huenda wazee na wanaotaka barabara. Safari hii tujae wapangaji. Mwenye ujumbe wa kupandishiwa kodi asiufute. Hifadhi meseji za M-Pesa za kila mwezi, piga picha ya choo, piga picha ya kufuli la msimamizi, andika tarehe. Tuzichapishe, majina na namba za wapangaji zikiwa zimefichwa ili mtu asifukuzwe, tuzipeleke kwa karani wa bunge la kaunti kama ombi rasmi na tusiondoke mezani kwake mpaka agonge muhuri wa kupokea. Mimi nimeshaanza na ploti yetu: kati ya vyumba kumi na viwili, tisa wamekubali kutia sahihi.