CARICOM: nani anaibana nchi mwanachama ikikaidi?

Mdigo_wa_Tanga: Wakuu, nisaidieni. Hii CARICOM, yaani Jumuiya ya Karibi, ina visiwa kama Jamaika na Barbados, halafu kuna nchi za pwani kama Guyana, Suriname na Belize. Nani mwenye amri pale? Wana bunge kama letu la Afrika Mashariki pale Arusha?

WakiliArusha: Bunge la kutunga sheria za jumuiya hawana, mkuu. Wenye kauli ni wakuu wa serikali, na uenyekiti unazunguka kila miezi sita. Sekretarieti iko Georgetown, Guyana, lakini haimwamuru mtu. Wakishakubaliana, kila nchi inarudi kutunga sheria kwao, na hapo ndipo mambo hulala miaka.

Walitaka iwe hivyo. Shirikisho lao la 1958 lilivunjika 1962, baada ya Wajamaika kupiga kura ya kujitoa. Mkataba wa Chaguaramas wa 1973, ulioanzisha CARICOM, ukaacha mamlaka kwa kila nchi.

Ila wana mahakama, CCJ (Mahakama ya Haki ya Karibi), iliyoanza kazi Port of Spain mwaka 2005, na hiyo naiheshimu sana. Soma kesi ya Shanique Myrie. Mwaka 2011 Mjamaika huyu alitua Barbados, maofisa wakampekua mwilini kwa kumdhalilisha, akalala kizuizini, kesho yake akarudishwa kwao. Barbados ikajitetea kwamba uamuzi wa wakuu wa 2007, unaompa raia wa jumuiya haki ya kuingia na kukaa miezi sita, haujawa sheria ya nchi. Majaji wakakataa: mmekubali wenyewe, unawafunga. Mwaka 2013 akapewa fidia ya zaidi ya dola 75,000 za Barbados. Raia mmoja dhidi ya serikali nzima! Wateja wangu wanaosumbuliwa mipakani huku nawasimulia kesi hii.

Bi_Rehema: Asante wakili. Kwa hiyo hata mimi naweza kuishtaki nchi EACJ, mahakama yetu ya Afrika Mashariki?

WakiliArusha: Unaweza, dada yangu, kwa Ibara ya 30 ya mkataba wetu. CCJ raia huomba kwanza kibali maalumu, kwetu hapana. Lakini una miezi miwili tu tangu tukio, au tangu ulipolijua. Wengi huja kwangu muda umeshapita, na inauma.

Mdigo_wa_Tanga: Na huko CARICOM, kufanya kazi nchi nyingine je?

WakiliArusha: Kwa kawaida ni kwa cheti cha ujuzi, kwa fani fulani tu. Tangu Oktoba 2025 Barbados, Belize, Dominica na St. Vincent wamefunguliana milango kabisa, bila kuwasubiri wengine.