Uwanja wa gofu kama malisho ya mbuzi halafu mnausifia, mnaangalia nini?

Mwana_Chumbageni:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, gofu naiangalia kwenye runinga tu sababu bosi wangu anaipenda sana. Juzi kaweka marudio ya The Open ya 2022, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka ule yalichezwa St Andrews kule Scotland, si nikaropoka jamani huu si uwanja haya ni malisho ya mbuzi, miti hakuna, nyasi za njano, mabonde mabonde kama shamba la mihogo lililong'olewa jana. Bosi kanikodolea macho kama nimemtukania mama yake. Kwangu mimi uwanja ni Augusta ya kule Marekani bwana, maua, majani mabichi, maji yametulia. Sasa wajuzi nielezeni, uzuri wa uwanja mnaupima kwa nini au ni mazoea tu ya kusifia vya zamani?

KediMstaafu:
Mdogo wangu hauko peke yako. Bobby Jones mwenyewe, gwiji wa gofu wa Marekani, 1921 alifika St Andrews kucheza The Open, raundi ya tatu mpira ukamzamia bankani, yaani kwenye shimo la mchanga, pale shimo la 11, akapiga akapiga wapi, akajitoa mashindanoni kwa hasira. Lakini hakuishia hapo, alirudi, 1927 akachukua The Open palepale, na 1958 mji ukampa heshima ya kuwa mwenyeji wao kabisa. Halafu sikia hii: huyohuyo Jones ndiye aliyeitengeneza Augusta yako pamoja na mchora viwanja Alister MacKenzie, na MacKenzie 1924 alikuwa ameshauchora ramani nzima uwanja wa St Andrews. Kwa hiyo hayo maua unayoyasifia babu yake ni hayo malisho ya mbuzi 😂

Rudia kuangalia shimo la 17 siku ya mwisho, Cameron Smith. Mpira uko kushoto, kati yake na bendera kuna banka limekaa kama kisima, wengi wangeurusha juu, yeye katoa pata, ile fimbo ya kuviringishia mpira chini, kauviringisha kwenye ukingo wa banka ukapanda mteremko ukakaa grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye bendera, akamaliza kwa mapigo manne na ubingwa akachukua. Yale mabonde unayoyacheka ndiyo yaliyomwachia njia ya pili. Uwanja wenye njia moja tu mimi hunichosha mapema, hata uwe na maua ya harusi.

mzee_wa_kahawa_Ngamiani:
Kedi umeongea vizuri ila tusifundishane kusifia kila kitu kisa jina. Uwanja wa Sawgrass kule Florida, 1982 wachezaji walilalamika grini ngumu mno, na Pete Dye aliyeuchora akaja akazipunguza makali. Mlalamikaji naye kuna siku ana haki. Ingawa bingwa wa mwaka ule Jerry Pate alimsukumia Dye majini na yeye mwenyewe akajitosa, hiyo nayo ni njia ya kutoa maoni 🤣

Binti_Raskazone:
Na ile grini ya kisiwani hapo Sawgrass shimo la 17 wala haikupangwa hivyo toka mwanzo, walichimba mchanga wa kutumia sehemu nyingine likabaki bonge la shimo, mke wa Pete, Alice Dye, akasema basi jazeni maji. Huyo mama ndiye alipigania tii za mbele, yaani sehemu za kuanzia kupiga zilizo karibu zaidi, kwa wanawake, manake nyie kaka zangu mnapima uwanja kwa mtu anayefyatua mita 270, mimi nikisimama hapohapo nacheza uwanja mwingine kabisa.

KediMstaafu:
Umenena dada. Na mtoa mada, usihukumu kwa siku moja, hiyo ni tabia ya waja leo waondoka leo. Uwanja wa pwani leo hivi kesho vile, upepo ukigeuka nao umegeuka.

Mwana_Chumbageni:
Nimerudi kwa bosi tumeliangalia tena hilo la 17, naanza kuelewa kidogo, ila njano bado siipendi. Kilichonichekesha, baba mdogo alikuwa ameleta samaki toka Deep Sea, gofu haijui hata kidogo, kasimama mlangoni na ndoo yake dakika mbili tu akauliza "hapo upepo unaovuma ni kusi au kaskazi?" Bosi akamvutia kiti. Mimi kiti sijavutiwa mpaka leo.