Nambari kubwa iliyokutoa jasho: tupeane uzoefu

Baba Rukia, Kisauni: Jana mwanangu kaniletea hesabu: 1,000,001 ni nambari tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) au la? Tukaigawanya kwa 3, 7, 11, 13, tukaruka hadi 37. Kila mara inabaki 2. Nikamwambia andika tasa. Leo karudi na alama nyekundu ya kosa: ni 101 × 9,901. Imenikumbusha nilivyokuwa nikisimamishwa ubaoni mimi. Nyinyi iliwashinda ipi?

Bi Mwanafunzi: Pole, baba. Zote ulizojaribu zinaigawanya 999,999, ndiyo maana ukabakiwa na 2 kila mara.

Yakhe wa Majengo: Kabla ya kusema tasa, lazima ujaribu nambari tasa zote chini ya 1,000. Ziko 168. Hakuna mkato.

Bi Mwanafunzi: Mkato upo! Kata mbilimbili kutoka kulia: 01, 00, 00, 1. Toa, jumlisha, toa. Ukipata 0, 101 inaingia.

Yakhe wa Majengo: Hiyo ni ya 101 tu. Na utajuaje kuwa ndiyo 101 unayoitafuta?

Karani wa Shimanzi: Mimi iliyonishinda ni nambari ya kontena. Herufi nne, tarakimu sita, na ya saba ni mlinzi: kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512, ukajumlisha, ukagawanya kwa 11. Kinachobaki ndicho mlinzi, na kikibaki 10 huandikwa 0. Usiku mmoja, dereva wa Kampala ananisimamia mlangoni, nikaandika 74 badala ya 47. Mashine ikakataa. Badala ya kurudi kwenye karatasi, nikapiga hesabu nikabadilisha mlinzi. Ikapita. Wallahi nilifurahi! Asubuhi kontena hiyo haipo bandarini. Siku tatu mzigo umelala, na gharama zikakatwa kwenye mshahara wangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Sijasahau hadi leo.

Mzee wa Kongowea: Subhanallah.

Yakhe wa Majengo: Lakini hiyo ina herufi, si nambari.

Karani wa Shimanzi: Kila herufi ina thamani yake, yakhe. A ni 10, B ni 12. 11 imerukwa kwa sababu kuongeza 11 hakubadilishi kinachobaki.

Mama Duka: Mlinzi ulimwonea, ndugu yangu, alikuwa anakuokoa. Mimi daftari likikataa kulingana na pesa, naangalia tofauti. Ikigawanyika kwa 9, natafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Mzee wa Kongowea: Mie nasema mpe mtoto kikokotoo, mlale.

Bi Mwanafunzi: Usimpe! Baba Rukia, hata Fermat, bingwa wa hisabati, aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler, bingwa mwingine, akaigawanya kwa 641, ikaisha bila baki.

Baba Rukia, Kisauni: Nimemsomea Rukia. Sasa ameleta 10,001. Tumeanza na 7.

Bi Mwanafunzi: Endeleeni tu. Mkifika 73 mtaniambia.