Windows 10 imeachwa: tutupe hizi kompyuta ama tuweke Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows?

Watu wangu wa Kisumu, hii maneno ya kuambiwa ati kompyuta imekufa na bado inawaka vizuri imenichosha. Microsoft waliacha kuipa Windows 10 apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa pita saiba za Kondele uangalie, mashine ni za mtumba, prosesa za Intel i5 za kizazi cha 4, cha 6. Zote ni taka?

Jirani yangu ana saiba ya mashine sita, fundi akamwambia anunue zingine. Nikamwambia ngoja kwanza. Tulichukua moja yenye RAM ya 4GB, tukatoa ile hard disk ya zamani tukaweka SSD (diski ya kasi), tukaingiza Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux iliyo nyepesi, kwa flashi, ikawaka haraka hadi mwenyewe akauliza kama ni ile ile.

Wanaopinga wanasema wateja wamezoea Word. Sawa, lakini mteja anakuja saiba kufanya nini? iTax ya kodi ya KRA, eCitizen ya huduma za serikali, HELB ya mkopo wa masomo, kuprinti CV. Hizo nyingi ni za brauza, na Chrome iko, Firefox iko. Siwezi kuwadanganya, dokumenti ya Word yenye meza nyingi wakati mwingine hupanguka ukiifungua na LibreOffice, ile programu ya bure tunatumia badala ya Word, kwa hivyo sisi huwaambia wateja watume PDF, na skana nayo ilitusumbua jioni nzima kabla tupate draiva, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta. Kama kazi yako ni Photoshop, baki na Windows, hapo sibishani.

Mwenye simwelewi ni yule anasema tuendelee tu na Windows 10 hivyo hivyo bila apdeti. Kwa saiba?! Mahali mama wa watu anaandika paswadi yake ya KRA, kijana anafungua imeili yenye vyeti vyake vyote, kwa mashine moja watu ishirini kwa siku? Kirusi kikiingia hapo si shida yako peke yako. Na ile nyongeza ya apdeti za Windows 10 ambayo Microsoft waliweka kwa kompyuta za nyumbani inafika Oktoba 2026 tu, halafu tunarudi hapa hapa.

Walimu wenye maabara za kompyuta huko Kakamega na Busia, nyinyi mngeweka nini? Na mwenye ameshajaribu Linux, printa gani ilikubali bila vita?